Waya wa alumini nyumbani: kwa nini jointi zake huungua, na nini cha kufanya

Sufuria unayopikia ugali na waya unaoleta umeme kutoka kwenye nguzo hadi ukutani mwa nyumba yako mara nyingi vimetengenezwa kwa madini ya aina moja: alumini. Zile nyaya nyeusi zilizosokotwa pamoja, ambazo siku hizi zinapita juu ya vijiji vingi, ndani yake ni alumini. Nyaya za wazi zisizo na plastiki kwenye nguzo ndefu nazo ni alumini, na nyingi zina uzi wa chuma katikati wa kuzipa nguvu zisikatike. Mashirika ya umeme yanaipenda kwa sababu ni nyepesi na bei yake iko chini sana ya shaba, na huko juu nguzoni inafanya kazi yake vizuri kwa miaka mingi.

Matatizo huanza chini, karibu na watu: pale alumini inapounganishwa na shaba, au inapobanwa kwenye soketi na swichi ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Hapo nyumba inaweza kuungua huku saketi breka imetulia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Makala hii ni kwa msikilizaji ambaye nyumba yake ina nyaya za zamani za rangi ya fedha, au aliyevuta umeme hadi kwenye banda kwa kutumia mabaki ya waya wa nguzo, au aliyenunua waya wa bei rahisi na sasa anaona taa zinacheza kila birika la umeme linapowashwa. Tunaanza mbali kidogo, Marekani, kwa sababu huko ndiko kosa hili lilifanyika kwa ukubwa na kuchunguzwa kwa undani.

Walichojifunza Wamarekani

Katikati ya miaka ya 1960 bei ya shaba ilipanda sana. Wajenzi wa Marekani na Kanada wakageukia alumini, si kwa nyaya za nguzoni tu bali hadi ndani ya kuta, kwenye kila soketi na kila swichi. Tangu mwaka 1965 hivi hadi 1973, nyumba zipatazo milioni mbili za Marekani zilifungwa nyaya hizo. Waya ulikuwa mpya, umekaguliwa, na mafundi walikuwa na leseni. Kwa miaka michache ya kwanza hakuna aliyelalamika.

Kisha soketi zikaanza kupata moto. Vifuniko vya plastiki vikageuka rangi, taa zikawa zinacheza, na baadhi ya nyumba zikashika moto. Tarehe 28 Aprili 1974, watu wawili walikufa katika nyumba iliyoungua huko Hampton Bays, jimbo la New York, na maofisa wa zimamoto wakabaini kwamba chanzo kilikuwa jointi mbovu ya waya wa alumini kwenye soketi. Tume ya Marekani ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ilifuatilia jambo hili, na utafiti uliofanywa kwa ajili yake ulionyesha kwamba nyumba zilizofungwa alumini kabla ya mwaka 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi, kuliko zile za shaba, wa kuwa na angalau jointi moja kwenye soketi iliyofikia hali ya kuweza kuwasha moto.

Tazama vizuri walichopima: jointi kwenye soketi. Katikati ya ukuta, ambako hakuna jointi, waya wa alumini haukuwa na tatizo kubwa. Ukiwa mzima, bila jointi na bila jeraha, waya huo hubeba umeme wake kimya kimya miaka nenda rudi. Kwa hiyo mtu akikuambia ana waya wa alumini ndani ya nyumba, swali la kwanza si waya una umri gani, ni jointi ngapi na zimefungwa namna gani.

Sufuria isiyoota kutu

Umewahi kujiuliza kwa nini sufuria haioti kutu kama jembe? Alumini ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando mwembamba sana, usioonekana kwa macho, ambao huizuia isiendelee kuliwa. Ukiukwangua kwa majivu na steelwool, utando mwingine hujijenga muda huohuo. Kwa sufuria hiyo ni neema. Kwa umeme ni balaa, kwa sababu utando huo haupitishi umeme. Shaba nayo hupata utando wake, lakini ule wa shaba hauzuii umeme kiasi hicho. Fundi akimenya alumini na kuibana hivihivi kwenye skrubu, amebana chuma chenye ngozi isiyopitisha umeme, na mkondo wote unalazimika kupenya kwenye vijitundu vichache ambako ngozi imepasuka.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linaloifanya jointi iliyokuwa nzuri siku ya kwanza iwe mbovu baada ya miaka. Alumini ikipata joto hutanuka kuliko shaba, kwa theluthi moja hivi zaidi, na karibu mara mbili ya chuma cha skrubu inayoibana. Tena ni laini. Ukiibana kwa nguvu muda mrefu hujisogeza polepole kutoka chini ya skrubu, kama donge la unga lililokandamizwa na kidole. Sasa fikiria jointi ya soketi ya jikoni: asubuhi birika linawashwa, alumini inapata joto, inataka kutanuka, skrubu inakataa, alumini inajisogeza pembeni. Birika linazimwa, inapoa na kusinyaa, na sasa imebaki nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Hewa inaingia, utando unajijenga. Kesho yake jointi inapata moto kidogo zaidi kuliko jana. Hivyo hivyo kila siku, kwa miaka mitano au kumi.

La tatu linawahusu zaidi walio pwani na maeneo yenye mvua nyingi. Alumini na shaba zikigusana palipo na unyevu, huwa kama betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Chumvi ya hewa ya bahari huharakisha kazi hiyo. Unga mweupe unaouona kwenye jointi ya nje ya nyumba, pale waya wa kijivu ulipokutana na waya mwekundu wa shaba, ndio alumini iliyokwisha kuliwa.

Joto la jointi moja

Wengi hutuuliza: kama kuna hatari, kwa nini breka haikatiki? Hesabu kidogo itasaidia. Birika la umeme la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea karibu 9. Breka ya soketi kwa kawaida ni ya ampea 20 au zaidi, kwa hiyo kwa upande wake hakuna kilichozidi. Lakini jointi iliyochakaa ikiwa na ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa nusu omu tu, ampea hizo zikipita hapo zinazalisha joto la wati 38 hivi. Hilo ni joto la kile chuma ambacho fundi redio hukitumia kuyeyushia risasi. Fikiria chuma hicho kimefichwa nyuma ya soketi ya plastiki, au juu ya dari penye mbao kavu na utando wa buibui, kikiwaka kila unapochemsha maji ya chai.

Kifaa kile kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini nacho hakitasaidia, maana hapa umeme hauvuji. Unapita njia yake ileile, ila kwa shida.

Jointi hiyohiyo ikibeba balbu tatu za LED za wati 9 kila moja, joto lake halifiki hata sehemu moja ya mia ya wati. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto la jointi huongezeka mara nne. Ndiyo maana nyumba iliyokaa miaka minane na taa tatu, redio na chaja ya simu bila tatizo lolote, inaweza kuanza kunuka plastiki mwezi uleule familia inaponunua jiko la presha la umeme. Tunalisema hili kwa makusudi. Tanzania ina mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga kufikisha asilimia 80 ya wananchi, na kwa wengi umeme ni sehemu ya safari hiyo. Kupika kwa umeme ni jambo zuri. Kabla ya kuliingiza jiko jikoni, jointi zinazolilisha zikaguliwe.

Alumini iko wapi katika nyumba zetu

Mahali pa kwanza ni palepale ukutani au kwenye paa, ambapo waya wa nguzo unafika. Sehemu hiyo hadi kwenye mita ni mali na jukumu la shirika la umeme, iwe TANESCO, Kenya Power au jingine. Hata ukiona jointi inatoa cheche, usiiguse, na fundi wako wa mtaani naye hana ruhusa ya kuigusa. Hakuna breka wala fyuzi ya nyumbani kwako inayokata umeme huo. Piga simu kwa shirika, taja namba ya mita yako na ya nguzo kama imeandikwa, na sema waziwazi kwamba kuna cheche. Cheche ni dharura, wala si malalamiko ya kawaida.

Mahali pa pili ni pale watu wanapojisaidia. Nyumba kubwa ina umeme, banda la kuku au chumba cha mpangaji hakina, na kuna kipande cha waya wa nguzo kilichobaki. Kinavutwa juu ya miti hadi bandani, mwanzo na mwisho kinasokotwa na waya wa shaba, tepu inazungushwa, kazi imekwisha. Kwa maoni yetu hii ndiyo jointi mbaya kuliko zote zinazofungwa vijijini: madini mawili tofauti, hayakusafishwa, hayakubanwa na chochote, yananyeshewa mvua, na tepu yenyewe jua huibandua ndani ya miaka miwili. Wapo wanaotumia hata mfuko wa rambo badala ya tepu.

Mahali pa tatu ni dukani. Kuna nyaya zinazouzwa kama shaba ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu kama chapati iliyopakwa mafuta. Si kila waya wa namna hiyo umetengenezwa kwa udanganyifu; upo unaotengenezwa kwa matumizi maalumu na huandikwa wazi. Udanganyifu ni kuuuza kama shaba tupu. Fundi anaufunga akidhani ni shaba, kwa unene wa shaba, na hapo makosa yanakuwa mawili. Alumini hupitisha umeme kwa asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba ya unene uleule, kwa hiyo inahitaji waya mnene zaidi: palipotosha shaba ya milimita za mraba 2.5, alumini inatakiwa iwe ya 4. Palipotosha 10, iwe ya 16.

Na kama umehamia nyumba ya zamani, ya taasisi au ya urithi, ukakuta nyaya nyeupe ndani ya swichi, usikimbilie kusema ni alumini. Shaba ya zamani iliyofunikwa kwa mpira ilikuwa ikipakwa bati jeupe nje ili mpira usiiharibu. Nje inang'aa kama fedha, ndani ni shaba halisi. Waya huo una shida yake nyingine, mpira wake huwa umekauka na kukatika kama biskuti, lakini hiyo ni mada tofauti.

Jinsi ya kuutambua

Zima meni swichi kwanza, kisha hakikisha kwa testa kwamba umeme umekatika kweli. Kama huna testa au huna uhakika, acha kazi hii kwa fundi. Chukua kipande cha waya kilichokatwa, kikwangue kwa wembe na utazame ncha yake. Shaba ni nyekundu hadi katikati. Alumini ni nyeupe hadi katikati. Alumini iliyopakwa shaba ina pete nyembamba nyekundu nje na moyo mweupe. Shaba iliyopakwa bati ni kinyume chake, nyeupe nje na nyekundu ndani.

Dukani muuzaji hatakuruhusu ukwangue kila rola, lakini mizani haikatazwi. Mita 100 za waya mmoja wa milimita za mraba 1.5 zina shaba ya takriban kilo 1.3, bila kuhesabu plastiki. Waya huohuo ukiwa wa alumini tupu una gramu 400 hivi, na ukiwa wa alumini iliyopakwa shaba kidogo ni karibu nusu kilo. Tofauti hiyo mkono wenyewe unaihisi. Waya wa 2.5 wa urefu huo una shaba ya kilo 2.2. Rola nyingi huwa pungufu ya mita 100, kwa hiyo soma urefu ulioandikwa kabla ya kupiga hesabu. Sumaku haitakusaidia hapa, kwani hainasi shaba wala alumini. Ikinasa, basi umeuziwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na hilo ni baya zaidi.

Kwa wenye ndugu Marekani au Kanada wanaoishi katika nyumba zilizojengwa miaka ile ya 1965 hadi 1973: ganda la waya unaoonekana darini au chini ya sakafu huwa limeandikwa AL au ALUMINUM. Watume picha kwa fundi mwenye leseni wa hukohuko.

Dalili ambazo nyumba hukupa

Jointi mbovu mara nyingi hutoa taarifa kabla ya kuwaka. Weka kiganja juu ya kifuniko cha soketi baada ya kutumia pasi kwa nusu saa. Uvuguvugu kidogo kwenye plagi ya pasi ni wa kawaida. Ukuta au kifuniko chenye moto wa kukufanya utoe mkono si wa kawaida. Angalia pia plastiki iliyobadilika rangi kuwa kahawia, taa zinazofifia kila kifaa kikubwa kinapowashwa, soketi inayofanya kazi ukiisukuma plagi upande mmoja tu, na mlio mdogo kama mafuta kikaangoni.

Harufu ndiyo dalili ambayo watu huipuuza zaidi, kwa sababu haifanani na moshi. Plastiki ya umeme inayopata moto polepole huweza kunuka kama samaki aliyeoza. Ukitafuta panya aliyekufa darini na hujamwona, mwite fundi aangalie nyaya.

Na kuna dalili moja inayotuhusu sisi watu wa redio. Jointi inayotoa cheche ndogo hurusha mawimbi yanayosikika kwenye redio kama mkwaruzo, hasa masafa ya kati na mafupi. Kwenye FM huwa kidogo. Redio yako ikikwaruza tu pale jirani wa chumba cha pili anapowasha pasi, chunguza. Ni kweli chaja mbovu za simu na baadhi ya balbu za LED nazo huleta mkwaruzo, kwa hiyo hii peke yake haitoshi kutoa hukumu.

Dalili nyingine ni ya haraka na haihitaji kufikiri mara mbili. Taa za nyumba yako zikianza kung'aa kupita kawaida wakati za jirani zinafifia, au kinyume chake, huenda waya wa nyutro kwenye laini umeachia, na jointi iliyoliwa ni mojawapo ya sababu zake. Hapo volti inaweza kupanda kutoka 230 kuelekea 400 na kuunguza friji, runinga na kila kilichochomekwa. Zima meni swichi papo hapo, chomoa vifaa, kisha piga simu kwa shirika la umeme na uwaambie majirani nao wazime.

Fundi afanye nini

Mwite fundi mwenye leseni. Tanzania Bara leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA, na mtu aliyeipata haoni haya kuionyesha. Hatusemi kwamba fundi asiye na leseni hajui kazi. Wapo wanaoijua vizuri. Lakini jointi ya alumini ni kazi ambayo hata mwenye leseni anaweza kuikosea, na ukishamlipa mtu asiye na leseni huna pa kumpeleka ikiharibika.

Dawa ya kwanza na iliyo bora ni kuitoa alumini ndani ya nyumba na kuvuta shaba mpya kutoka kwenye meni swichi hadi kila soketi. Marekani tume ile ile tuliyoitaja inaiweka hii mbele. Kwa nyumba ya vyumba viwili au vitatu yenye paipu za kupitishia nyaya, ni kazi ya siku chache, na waya wa zamani hutumika kuvutia ule mpya.

Dawa ya pili, kama waya wenyewe ni mzima lakini kuutoa haiwezekani, ni kumalizia kila ncha ya alumini kwa kipande kifupi cha shaba kupitia kiunganishi kilichotengenezwa mahsusi kwa madini hayo mawili, halafu shaba hiyo ndiyo iingie kwenye soketi. Wamarekani hutumia aina mbili zaidi: moja hubanwa kwa mashine yenye nguvu kubwa na fundi aliyefundishwa kuitumia, nyingine ina vyumba tofauti, kila waya na skrubu yake, madini mawili yasigusane. Kwa nyaya nene za kutoka nje, mafundi wetu hutumia viunganishi na vishikio vyenye upande wa alumini na upande wa shaba vilivyounganishwa kiwandani. Vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme mijini. Bei yake si kubwa ukilinganisha na godoro moja lililoungua.

Ukiwa umesimama pale fundi anapofanya kazi, tazama mambo haya. Je, ameisugua alumini kwa brashi ya waya hadi ikang'aa, na mara moja akaipaka grisi maalumu ya jointi kabla utando haujarudi? Grisi ya baiskeli si mbadala. Je, amemenya plastiki bila kuikata alumini kwa kisu? Alumini iliyotiwa alama ya kisu hukatika ikikunjwa mara chache. Je, kila skrubu ina waya mmoja, au ameziba nyaya tatu pamoja? Je, jointi imekaa ndani ya kisanduku chenye kifuniko, mahali panapofikika, au ameiacha inaning'inia juu ya dari? Na kwa jointi ya nje, alumini iwe juu na shaba iwe chini, maana maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye shaba huila alumini iliyo chini yake.

Kukaza skrubu tu siyo dawa. Fundi anafungua soketi, anakaza, anafunga, anachukua fedha yake, na kwa mwezi mmoja mambo yanatulia. Utando umebaki palepale, alumini imekandamizwa zaidi na itajisogeza zaidi. Vilevile kuweka breka kubwa kuliko ya mwanzo, au kurudishia waya mnene kwenye fyuzi, ni kuondoa mlinzi mlangoni.

Fedha zikiwa chache

Si kila familia inaweza kubadili nyaya zote kwa mara moja, na tusingependa msikilizaji akate tamaa kwa sababu hiyo. Anza pale mkondo ulipo mkubwa: njia ya soketi ya jikoni na ile ya pasi. Vuta shaba mpya ya milimita za mraba 2.5 moja kwa moja kutoka kwenye meni swichi hadi soketi hizo, na kila kifaa chenye kuzalisha joto kitumike hapo tu. Njia ya taa za LED inaweza kusubiri mwaka, ilimradi isichomekwe kitu kizito. Usikubali ushauri wa kubadili kipande kimoja cha katikati, kwani kila kipande kinaongeza jointi mbili na jointi ndizo tunazozikimbia.

Wakati unasubiri, usiwashe birika na jiko la umeme kwa pamoja kwenye soketi inayotiliwa shaka. Soketi iliyoonyesha dalili izimwe kwenye breka yake na isitumike kabisa, hata kwa simu.

Ikitokea moshi au moto, zima meni swichi kwanza kama unaweza kuifikia bila kupita kwenye moto. Usimwage maji kwenye kitu chenye umeme; tumia mchanga mkavu au kizimamoto cha unga. Moto ukiwa umeingia darini, toa watu wote nje kabla ya kujaribu kuokoa vitu. Tanzania namba ya zimamoto ni 114, Kenya ni 999. Kijijini gari linaweza kuchelewa, kwa hiyo majirani waitwe wakati huohuo.

Waya wa zamani ukishatolewa, usiutunze kwa ajili ya banda. Wanunuzi wa vyuma chakavu huchukua alumini kwa kilo. Umenye kwa kisu. Usiuchome moto ili plastiki iishe, kwa kuwa moshi wake una asidi inayounguza macho na mapafu, na watoto ndio huwa karibu. Kipande cha waya kilichodondoka kutoka kwenye nguzo si chako kuuza hata kama kimelala shambani kwako: kinaweza kuwa bado na umeme, na ni mali ya shirika. Weka mtu wa kuwazuia watoto na mifugo wasikisogelee, kisha piga simu.